Usikitibu Kifaru: Namna Ninavyoingiza Magari ya Majaribio Kwenye Gemu

Rafiki yangu anayenisaidia kujaribu gemu aliweka kijiwe juu ya kitufe cha kwenda mbele, akaenda kuoga. Aliporudi, T28 yake, kifaru kizito cha vita cha majaribio, ilikuwa bado iko barabarani, haijafika hata daraja la kwanza. Akaniandikia maneno manne: "Hii kitu ni msiba."

Hesabu zangu hazikuwa na kosa. T28 ya Wamarekani ilikwenda kama kilomita 13 kwa saa, tena ikiwa imejitahidi, kwa hiyo kilomita moja inakula zaidi ya dakika nne na nusu. Na ramani yangu ilikuwa na kilomita tatu kutoka kambini hadi mstari wa mbele. Kishawishi cha kwanza kilikuwa kuipandisha hadi 30, maana ni kubadilisha namba moja tu kwenye faili na malalamiko yanaisha. Niliibadilisha kweli, nikaiendesha jioni nzima, kisha nikairudisha. Ikienda 30 inakuwa boksi la chuma lenye mzinga, kama maboksi mengine kumi na mawili niliyokuwa nayo tayari.

Tangu siku hiyo ninafanya kazi kwa kanuni moja: gari la majaribio lilikataliwa kwa sababu fulani, na sababu hiyo ndiyo ninayoipeleka kwa mchezaji. Ukikiponya kifaru ugonjwa uliokiua, umekiua mara ya pili. Hivi ndivyo ninavyokwenda, kuanzia karatasi hadi mchezaji wa kwanza.

Andika kwanza kilichokiua

Kabla sijafungua programu ya kuchonga modeli, naandika sentensi moja juu ya karatasi: gari hili lilikwama wapi? Isizidi mstari mmoja. Kwa gari la Lebedenko, lile la Urusi la mwaka 1915 ambalo watu huliita Kifaru cha Tsar, sentensi yangu ni: "Magurudumu mawili ya mita tisa mbele, kigurudumu kidogo nyuma, na kile kidogo kikazama kwenye ardhi laini." Lilibaki palepale lilipokwama hadi likakatwa chuma chakavu mwaka 1923. Kwa FV4005 ya Waingereza: "Mzinga wa milimita 183 ndani ya tareti (kichwa cha kifaru kinachozunguka) yenye kuta za milimita 14." Kwa TOG II: "Kimetengenezwa wakati wa vita vya pili na wazee waliokuwa wakiota mahandaki ya vita vya kwanza." Hata jina lenyewe ni kifupi cha maneno yenye maana ya genge la wazee.

Ukishaandika sentensi hiyo, nusu ya gemu imeshajichora. Lebedenko anataka ramani yenye ardhi ya aina mbili, ngumu na laini, na mchezaji ambaye macho yake yako kwenye gurudumu la nyuma badala ya adui. FV4005 anataka kona ya kujificha, pigo moja, kisha kukimbia, kwa sababu hata rashasha nzito ya milimita 12.7 ikimkaribia, ukuta ule hauaminiki. Na hapo hujachora poligoni (kipande kidogo cha umbo la modeli) hata moja.

Kama sentensi haiji, achana na gari hilo kwa sasa. Vipo vifaru vya majaribio vilivyokataliwa kwa sababu tu vita viliisha au bajeti ilikatwa, na hivyo ni vigumu kuvipa roho. Nina viwili vya namna hiyo kwenye folda na huenda visitoke humo kamwe.

Kilijengwa, kilianzwa, au kiliandikwa tu?

Magari yangu yanakaa kwenye rafu tatu. Rafu ya kwanza ni yale yaliyojengwa na kutembea: T28, TOG II, Maus ya Wajerumani. Ya pili ni yaliyoanzwa yakaishia njiani, kama E-100 ya Wajerumani, ambayo Washirika waliikuta ikiwa bodi isiyokamilika. Ya tatu ni ya karatasi, na mfalme wa huko ni Ratte, ndoto ya Wajerumani ya tani 1,000 ambayo haikufika popote.

Ninamwambia mchezaji waziwazi gari liko rafu gani, kwa rangi ya kadi ya gari. Kijani ni kilichotembea, manjano ni nusu, kijivu ni karatasi. Watu wa historia ni wakali, lakini wanasamehe mengi ukiwaambia ukweli mapema. Wasichosamehe ni kuona kitu cha karatasi kimewekewa kasi ya kilomita 41 kwa saa, kana kwamba kuna mtu aliyewahi kuipima.

Na hata kwenye rafu ya kwanza, usiiamini picha upesi. Nilichonga Maus kwa picha za ile iliyoko jumba la makumbusho la Kubinka, Urusi, wiki nzima, kila bolti. Kisha nikakumbuka kwamba ile ni mchanganyiko: Wasovieti waliukuta mfano wa pili umelipuliwa, wakachukua tareti yake, wakaipandisha juu ya bodi ya mfano wa kwanza. Mfano wa kwanza wenyewe ulifanyiwa majaribio ukiwa na uzito wa bandia juu, bila tareti halisi. Kwa hiyo gari nililokuwa nachonga halikuwahi kutembea likiwa hivyo mikononi mwa Wajerumani. Sikulitupa. Nilibadilisha maandishi ya kadi tu. Lakini ningeuliza mapema "hiki kilichoko kwenye picha ni kipi hasa?", ningeokoa wiki.

Tani za nani?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoaibika.

Nyaraka za T28 zinasema tani 95. Nikaandika kilo 95,000. Kwa mwezi mzima gari lilikuwa linazama kwenye matope ambayo halikupaswa kuzama, linashindwa vilima vidogo, na mimi nikawa nalaumu fizikia ya programu. Nikaongeza msuguano, nikapunguza msuguano, nikabadilisha springi. Kumbe tani ya Kimarekani ni fupi, kama kilo 907 tu. Tani 95 zao ni takriban 86 za kwetu tunaotumia kilo. Nilikuwa nimelibebesha gari tani tisa zisizo zake, sawa na lori limepanda juu ya paa.

Waingereza nao wana yao, tani ndefu, kama kilo 1,016. TOG II ya tani 80 kwao inakuwa 81 na kitu. Tofauti hiyo ni ndogo na fizikia ya gemu inaimeza, lakini ile ya Marekani haimezeki. Siku hizi faili langu la kila gari lina mstari wa kilo peke yake, na pembeni naandika namba nilivyoikuta kabla ya kuigeuza. Siku nikitilia shaka najua pa kurudi.

Pembe za deraya (mabamba ya chuma ya kujikinga) zina mtego wa aina hiyohiyo. Bamba la milimita 100 lililolala nyuzi 60 kutoka wima linampa kombora njia ya milimita 200. Lakini ukikuta namba 60 imepimwa kutoka mlalo, ujue bamba limelala nyuzi 30 tu kutoka wima, na njia inakuwa milimita 115 au 116. Karibu nusu ya ulinzi imeyeyuka kwa sababu ya swali ambalo hukuuliza. Mimi sikubali kuandika pembe yoyote kabla sijaiona kwenye mchoro wa ubavuni. Bamba limelala, au limesimama? Jicho halidanganywi kirahisi kama namba.

Minyororo minne

T28 ina minyororo minne, miwili kila upande, na hiyo ndiyo sababu niliipenda. Wahandisi walitaka deraya ya mbele ya milimita 305 ili kuvunja ngome za Wajerumani, uzito ukapanda, na ili lisizame wakalipatia miguu minne. Ile ya nje inafunguka. Ikiwa imefungwa upana ni mita 4.39. Ikitolewa unabaki mita 3.15, gari linaweza kusafirishwa, na minyororo iliyotolewa inaunganishwa pamoja na kuburutwa nyuma kama trela. Kazi hiyo ilikula saa kadhaa hata kwa watu walioizoea.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa la mtu mwenye tamaa. Niliupa kila mnyororo uhai wake, kila kipande kikiwa na fizikia yake. Kompyuta ilihema kama mgonjwa wa pumu, fremu zikashuka hadi tisa kwa sekunde. Nikafuta yote. Sasa mnyororo ni pambo: kipande kimoja nimekichonga vizuri, programu inakirudia kwenye mstari unaozunguka magurudumu, na kinachobeba gari kweli ni miale isiyoonekana inayoshuka kutoka kila gurudumu kupima ardhi iko wapi. Mchezaji haoni tofauti.

Kupinda ndiko kulikonifundisha. Minyororo miwili ya upande mmoja niliifunga iende kwa kasi moja. Sasa fikiria gari linapinda kulia: mnyororo wa nje kabisa kushoto una duara kubwa kuliko jirani yake, lakini kasi yao ni ile ile. Lazima mmoja uburuze. Nilipoacha fizikia ifanye kazi yake bila kuisaidia, gari likawa linapinda kwa kukwaruza, linatetemeka, linachimba ardhi. Nikataka kulirekebisha. Kisha nikaangalia tena karatasi yangu ya sentensi moja, nikaacha. Nilichofanya ni kuongeza alama za kuchimbika ardhini na sauti ya chuma kusaga mawe, basi.

Kwa magari ya minyororo miwili, kuna hesabu ndogo inayokuambia mapema kama kitu kitapinda. Chukua urefu wa mnyororo unaogusa ardhi, ugawanye kwa umbali wa katikati ya mnyororo wa kushoto hadi katikati ya wa kulia. Vifaru vinavyopinda vizuri huwa kati ya 1.2 na 1.8. Ukipita hapo, gari linapenda kwenda mbele tu. TOG II ina urefu wa mita 10 na upana wa mita 3.1, kwa hiyo unajua unaingia kwenye nini. Watu wa gemu hupenda kuficha jambo hili kwa kulizungusha gari kwenye kitovu chake kama sahani. Usifanye hivyo kwa TOG. Mpe mchezaji barabara pana na umwache atafute kona zake.

Kufungua minyororo ya nje nimekufanya kuwa uamuzi wa mchezaji. Kuna lango la mita 3.6 kwenye ramani. Ukitaka kupita, unasimama sekunde 40 bila kusogea wala kupiga, kisha unavuka ukiwa mwembamba, ukiwa na nusu ya eneo la kukanyagia. Upande wa pili kuna matope. Sekunde 40 ni uongo mbele ya saa kadhaa, najua, lakini ni uongo ninaoweza kuutetea: nimefupisha muda bila kuiondoa adhabu.

Mara ya kwanza kuijaribu, minyororo iliyofunguliwa iliruka angani mpaka ikapotea juu ya mawingu. Umbo la kugongana la minyororo lilikuwa limeingiliana na la bodi, na fizikia ikayatenganisha kwa kishindo ndani ya fremu moja. Dawa yake: zima kugongana kati ya sehemu hizo mbili pale zinapoachana, washa tena zikishakuwa mbali mita moja. Ukikuta kitu chochote kinaruka hivyo kwenye gemu yako, tafuta maumbo mawili yaliyokaa sehemu moja kabla hujagusa kitu kingine.

Injini

Gawanya nguvu farasi kwa tani. T28 ina injini ya Ford ya nguvu farasi 500, inapata kama 5.8 kwa tani. Pershing, kifaru kingine cha Wamarekani, ilitumia injini hiyohiyo ikiwa na uzito usiofika nusu ya huo, na ikapata karibu 12. Namba hiyo moja inanieleza mlima, matope na kuondoka kutoka kusimama bora kuliko kasi ya juu, ambayo watu wengi huanza nayo. Kasi ya juu naiweka kama dari tu.

Mifano miwili tu ya T28 ndiyo iliyojengwa, na mmoja uliungua injini huko Yuma mwaka 1947. Nimeipa gemu kipimo cha joto. Ukibana mafuta mlimani bila huruma, injini inachemka. (Ule mwingine ulikutwa mwaka 1974 umetelekezwa uwanjani Fort Belvoir, Virginia. Tani 86 za chuma, na watu wakaisahau. Nimeuficha kwenye kona ya ramani, vichakani. Wachezaji watatu tu wameuona hadi leo.)

Sauti isiyobadilisha gia

Maus na TOG II hazisukumi minyororo kwa giaboksi ya kawaida. Injini inazungusha jenereta, jenereta inalisha mota za umeme, na mota ndizo zinazozungusha minyororo. Fundi wetu wa sauti alinirekodia mngurumo mzuri sana, wenye gia kupanda moja, mbili, tatu, na pumzi katikati. Nilisikitika kumwambia hapana. Katika mfumo huu injini haifuati mwendo wa gari, inafuata mzigo. Gari linaweza kuwa linatambaa huku injini inanguruma kwa nguvu zote, kwa sababu liko mlimani. Likiteremka kwa kasi, injini imetulia.

Kwa hiyo tumeunganisha sauti ya injini na mzigo, na sauti ya mota, ule mlio mwembamba unaopanda, na mwendo. Mchezaji akifunga macho anajua kama anapanda au anashuka. Na kwa Maus kuna zawadi zaidi: kwa tani 188 madaraja hayakuibeba, hivyo ilipangwa ivuke mito chini ya maji, gari moja likibaki ng'ambo na kulilisha jingine umeme kwa waya. Huo ni mchezo wa watu wawili uliokwisha kuandikwa na wahandisi. Mimi nimechora waya tu, na ukikatika aliyeko chini ya maji anabaki gizani.

Macho ya dereva

MBT-70, mradi wa pamoja wa Marekani na Ujerumani Magharibi wa miaka ya 1960, ilimweka dereva ndani ya tareti, kwenye kibanda kinachozunguka kinyume ili uso wake ubaki umeelekea mbele. Tareti ikizunguka, dereva anahamishwa kando huku anaendesha, na madereva walilalamika kuchanganyikiwa. Nilipoweka kamera pale pale alipokaa dereva, nikazungusha tareti huku gari linakwenda, nilielewa kwa tumbo langu mwenyewe.

Hapa nimevunja kanuni yangu kidogo. Kichefuchefu si ugumu wa mchezo. Kamera nimeipa mwendo wa polepole na nimeweka kitufe cha kuhamia kwa kamanda. Anayetaka kuteseka yupo huru.

Object 279 ya Wasovieti nimeipitia haraka kwa sababu ilijieleza: tani 60, minyororo minne, bodi yenye umbo kama sahani iliyofunikwa ili wimbi la bomu la nyuklia lisiipindue. Minyororo ilibebwa na nguzo mbili ndefu zilizo wazi ndani, na humo ndimo lilimokaa tangi la mafuta. Kwenye gemu, ukipigwa miguuni unavuja mafuta. Na kwa kuwa uongozi wa Kisovieti mwaka 1960 ulikataa vifaru vya zaidi ya tani 37, kwenye kampeni yetu gari hilo unalipewa mara moja tu, kisha linakuja agizo la kulirudisha.

Badilisha ramani, gari liache

Nirudi kwa yule wa kijiwe. Sikuigusa kasi. Nilichukua ile ramani ya kilomita tatu nikaikata. T28 sasa inaanza mita 350 kutoka kwenye ngome ya zege, ambayo ndiyo kazi iliyobuniwa kuifanya, na dakika moja na nusu za njia hiyo nimezijaza: makombora yanagonga deraya ya mbele na kudunda, moshi, na mzinga wa milimita 105 ambao hauna tareti. Unageuka nyuzi kama kumi tu kila upande, kwa hiyo adui akitokea ubavuni lazima ugeuze gari zima, kwa ile minyororo minne inayosaga. Adui nimewapa akili ya kutafuta ubavu. Wenzako wawili kwenye vifaru vyepesi wanapaswa kukulinda, na wasipofanya hivyo utawasikia wakiomba radhi.

Nikamtumia. Hakujibu usiku huo. Kesho yake mchana nikapata picha ya skrini: T28 imekwama langoni, minyororo ya nje haijafunguliwa, imebanwa pande zote mbili, na nyuma yake foleni ya wenzake watatu hawawezi kupita. Chini ameandika: "Nitoeje hapa?"

Lango nimelipanua hadi mita 3.8. Halijafika 4.39.